Kifaransa cha Virginie

Marehemu Eugène Muhindo hakuwa mtu wa majivuno, isipokuwa kwa jambo moja: binti yake alizungumza Kifaransa. Muhindo alikuwa mfanyabiashara kutoka upande wa Butembo, aliyefungua duka Kirolirwe, katika nchi ya ng'ombe, akiwauzia wachungaji na wakulima chumvi, sabuni, vitenge na mafuta ya taa. Mkewe, Emérence, alikuwa Muhunde wa Karuba, mtoto wa watu wa maharagwe na mihogo. Wabelgiji wakiwa bado wameshika mashamba yao, mzungu mmoja aliyekuwa mteja wa duka alimwombea Muhindo nafasi kwenye shule ya kulipia iliyokuwa mlimani juu ya ziwa. Ilikuwa shule ndogo ya watoto wa wenye mashamba, iliyoendeshwa na mama wa kizungu ambaye kila mtu alimwita Madame. Virginie alipelekwa huko akiwa bado anang'oa meno ya utoto. Alilala huko huko, nyumbani akija kwa likizo tu.

Kila likizo baba yake alimsimamisha mbele ya wateja. "Sema kitu, mama," alimwambia. Virginie alikunja mikono nyuma, akainua kidevu, na maneno yakamtoka mepesi, ya kupitia puani, sawasawa na ya wazungu wenyewe. Wachungaji waliegemea fimbo zao wakatikisa vichwa. Emérence hakuelewa hata neno moja, lakini alisimama mlangoni na unga mikononi, asiweze kurudi jikoni mpaka mtoto amalize.

Mwaka uliofuata uhuru, Muhindo alishikwa na homa ya tumbo. Walimteremsha kwa machela mpaka hospitali ya Kirotshe, na huko watu walifanya walichoweza. Kabla hajapoteza fahamu alimshika mkewe mkono.

"Mama Virginie," alisema, "ile Kifaransa isimupotee mutoto. Hata mukose chumvi, isimupotee."

"Haitamupotea."

"Sema tena."

"Haitamupotea, Papa Virginie. Pumuzika."

Matanga yalipokwisha, ndugu za marehemu walitoka Butembo wakalichukua duka, kwa upole lakini bila kumuuliza mjane. Wa kulipia shule hakuwapo tena. Na hata angekuwapo, Madame mwenyewe alikuwa akifunga masanduku, kwani wazungu walikuwa wakiondoka mmoja mmoja. Emérence alipanda mlima kwenda kumchukua mwanawe. Mtoto mdogo wa Madame, ambaye sasa alijua kutembea na kusema, alimng'ang'ania Virginie sketi na kulia mpaka akakosa pumzi, ikabidi avutwe kwa nguvu. Emérence aliona fahari juu ya huzuni yake. Tazama, alijiambia, jinsi walivyompenda mtoto wangu.

Walirudi Karuba, kwa Faustin, kaka yake Emérence, aliyewapa nyumba ndogo nyuma ya zizi lake na kipande cha shamba mteremkoni. Jumatatu ya kwanza Emérence alimwogesha Virginie, akamvika gauni lake la shule ya Madame, akampeleka kwenye shule ya kanisa. Shule ile ilikuwa jengo la udongo lenye paa la majani, na mwalimu wake alikuwa Séraphin, kijana mwembamba aliyesoma kwa mapadri miaka michache na kurudi kufundisha watoto wa milima yake.

"Nitamupima kwanza," Séraphin alisema. "Nione anafaa kalasi gani." Akamnyooshea Virginie kipande cha chaki.

Emérence aliusogeza mkono wa mwalimu pembeni. "Mwalimu, huyu anatoka kwa Madame. Utamupa a, e, i, o, u kama mutoto wa jana? Musalimie tu, utasikia."

Séraphin alimsalimia kwa Kifaransa. Virginie akajibu, na baada ya salamu akaendelea, sentensi juu ya sentensi, laini kama maji ya chemchemi. Mwalimu alijikuta amepoteza njia katikati. Watoto waliokuwa madirishani walicheka, si kwa ubaya, ila yeye alikisikia kicheko chao.

"Basi," alisema, "aingie kalasi ya ine."

Darasa la nne! Emérence aliteremka kwenda shambani akiimba.

Tangu siku hiyo alijipa kazi moja kubwa kuliko zote. Hakumtuma Virginie kuni wala maji siku za masomo. Yeye mwenyewe aliamka mapema zaidi, akalima, akatwanga, akachota. Faustin alipomwambia kwamba msichana asiyejua kushika jembe atakuja kumpa aibu kwa wakwe, alimjibu, "Huyu ataolewa na kalamu." Jioni, baada ya ugali na sombe ya majani ya muhogo, alikaa akimenya maharagwe, na Virginie akafungua kitabu. Kilikuwa kimoja tu. Muhindo alikinunua siku mzungu wa jirani alipouza vitu vyake vya nyumbani kabla ya kuondoka. Kilikuwa kinene, chenye jalada gumu la kijani, bila picha hata moja, na Muhindo alikichagua kwa unene wake.

Virginie alisoma vizuri. Sauti ilipanda, ikashuka, ikanong'ona, mahali pengine ikajifanya ya mnyama, kisha ikawa ya mtu mzima anayekaripia. Majirani walikuja kusikiliza. Bibi mmoja alileta kigoda chake kila Jumapili na kusikiliza kwa macho yaliyofumbwa, kama yuko misani. Emérence aliuliza, "Inasema nini hapo?" naye Virginie akaeleza: paka mdogo amepotea bustanini, mama yake anamtafuta, mvua inakuja. Emérence alistaajabu kwamba wazungu wanaandika kitabu kinene hivyo kwa ajili ya paka. Lakini wazungu walikuwa na mambo mengi ya kustaajabisha, na hilo halikuwa kubwa kuliko mengine.

Mambo yaliendelea hivyo mpaka Virginie alipoanza kurefuka na gauni la Madame likageuzwa kuwa blauzi. Mwalimu Séraphin hakulalamika hata mara moja. Kila Emérence alipomuuliza habari za mtoto, alijibu, "Anakaa kimya, Mama. Hana fujo," na kuharakisha kwenda zake. Emérence alilichukua jibu lile kuwa sifa.

Verdiane alikuja wakati wa mvua nyingi. Alikuwa binti wa shangazi yake Emérence, aliyelelewa na masista na sasa akisaidia wagonjwa kule Kirotshe. Alikuwa amepata ruhusa ya kuja kumwona mama yake aliyeumwa mgongo. Jumapili mchana mvua ilimfungia kwenye nyumba ya Emérence, na Emérence hangeiacha nafasi ile ipite.

"Virginie, leta kitabu. Mama yako mudogo anajua Kifaransa. Leo njo tutapata muntu wa kukusikia vizuri."

Virginie alisema kichwa kinamuuma.

"Kichwa gani? Asubuhi ulikuwa unaruka kamba. Leta."

Akakileta. Akakifungua mapajani, akaanza. Verdiane alitabasamu tangu neno la kwanza. "Ah, anasema vizuri kabisa," alisema kwa sauti ya chini. "Kunishinda miye." Alisikiliza tena kidogo, kisha akasogea na kigoda chake ili aone maandishi. Emérence alikuwa akimtazama usoni, akingoja sifa zaidi, na kwa hiyo aliona tabasamu lilivyokwisha.

"Virginie," Verdiane alisema, "uko unasoma wapi?"

Mtoto aliweka kidole katikati ya ukurasa.

"Nisomee neno hili moja."

Mvua ilipiga majani ya paa.

"Na hili?"

Virginie alifunga kitabu.

Verdiane alimgeukia Emérence, akazungumza taratibu, kama alivyozoea kuzungumza na ndugu za wagonjwa. "Dada, hii buku ni ya kazi ya kahawa. Namna ya kukata matawi ya kahawa, dawa ya wadudu. Hamuna paka ndani. Mutoto anasema hadisi ya kulaza mutoto muchanga. Anaijua kwa kichwa."

"Unasema nini?"

"Nasema hasomi."

Emérence alisimama, maharagwe yakamwagika sakafuni. "Ni wivu," alisema. "Weye masista walikufundisha kuosha vidonda, hawakukufundisha Kifaransa ya kweli. Unamuonea mutoto wangu wivu." Verdiane alijifunika kanga kichwani akatoka katika mvua ile ile iliyokuwa imemfungia.

Waliobaki ndani hawakutazamana. Baadaye Emérence alitoa katekisimu yake ya Kiswahili kutoka chini ya mto, ile aliyoisoma kabla ya ubatizo na ambayo hata sasa aliweza kuifuata kwa kidole, polepole. Akaifungua ukurasa wa kwanza.

"Hii ni Kiswahili. Si Kifaransa. Soma."

Virginie aliutazama ukurasa muda mrefu. Machozi yalianza kudondoka juu ya karatasi, naye akayafuta haraka kwa kiganja asiharibu kitabu cha mama yake.

"Sijui, Mama."

"Herufi hii?"

"Sijui."

"Kwa Madame ulikuwa unafanya nini?" Emérence alisikia sauti yake ikipanda mpaka ikavunjika. "Papa yako alitoa faranga zote za duka! Ulikuwa unafanya nini kule?"

"Nilikuwa nabeba mutoto," Virginie alisema. "Siku ya kwanza walinikalisha nyuma. Halafu mutoto wa Madame akalia, Madame akasema nimubebe kidogo nje. Akanyamaza kwangu. Njo ikakuwa vile kila siku. Wengine wakiwa kalasini, miye niko naye nje. Usiku Madame anakuja kumusomea hadisi ya paka, miye nakaa pale chini, kando ya kitanda, mpaka alale. Njo vile niliijua."

"Na hukusema!"

"Papa alikuwa anafurahi."

Emérence alikaa chini, katikati ya maharagwe yaliyomwagika. Alitaka kumlaani Madame, lakini Madame alikuwa mbali, ng'ambo ya mipaka, na pengine hata jina la Virginie amekwisha kulisahau. Alitaka kumlaumu marehemu akashindwa. Mwishowe akamvuta mtoto, wakakaa hivyo mpaka moto ukazimika wenyewe.

Kesho yake alimfuata Séraphin kabla kengele haijagongwa. Alimweleza yote akiwa ameinamisha uso. Mwalimu hakushangaa, na hilo lilimuuma kuliko kitu chochote.

"Ulijua?"

"Nilijua tangu mwezi wa kwanza," Séraphin alisema. "Haandiki. Anachora michoro inayofanana na maandishi. Lakini Mama, weye njo uliniambia nisimupe mambo ya watoto wa jana. Na Kifaransa yake ilinizidi. Nilisema moyoni, nikimuita mbele kwenye tablo, atajibu kitu nisichokielewa, na watoto watanicheka. Nikamuacha. Ni makosa yangu pia."

"Sasa tufanye nini?"

"Hakuna dawa ingine. Kalasi ya kwanza."

Virginie, aliyekwisha kuwa mrefu kuliko wasichana wote wa shule, alikalishwa kwenye benchi la watoto waliokuwa bado wanajinyea wakichelewa kuomba ruhusa. Magoti yake yaligonga ubao. Watoto walimwita Madame. Hakuna aliyewafundisha jina lile, walijitungia wenyewe, na mwalimu alipowachapa walilisema kwa midomo tu, bila sauti.

Emérence hakukata tamaa haraka. Kila jioni alichukua kaa lililopoa akaandika herufi juu ya mlango, zile alizozikumbuka kutoka katekisimu. Nyingine alizichanganya, nyingine alizigeuza nyuma mbele, na Virginie akajifunza makosa yale yale, ambayo kesho yake Séraphin alihangaika kuyafuta. Alikwenda Kirotshe kwa miguu kumwomba Verdiane msamaha. Verdiane alimpokea, akampa chai, akamwambia angekuja kumfundisha mtoto kama angekuwa na nafasi. Lakini wagonjwa walikuwa wengi na dada wa kusaidia wachache, na hakuja.

Mtoto alijifunza kidogo, akasahau, akajifunza tena. Kilichoharibika zaidi ni kwamba alikoma kuzungumza Kifaransa. Bibi jirani alipokuja Jumapili na kigoda chake, Virginie alitoka kupitia mlango wa nyuma. Siku moja Emérence aliambiwa kwamba mtoto hajaonekana shuleni tangu Jumanne. Alimkuta amelala katika shamba la pareto, kati ya maua meupe, akitazama juu. Alimchapa kwa fimbo ya kuswagia mbuzi. Virginie hakukimbia wala hakulia.

"Mama," alisema alipomaliza, "ningesema kweli siku ya kwanza, ungenichapa hivi?"

Emérence alitupa fimbo majanini. Walirudi nyumbani mmoja mbele, mmoja nyuma.

Kisha ubaya ukaingia katika milima. Watu waliokuwa wakiazimana mbegu walianza kuulizana babu zao walitoka upande gani. Nyumba zilichomwa ng'ambo ya Mushaki, halafu karibu zaidi. Familia zilizokimbia zilikuja Karuba na mikeka na kuku, zikaingizwa shuleni kwa kuwa hapakuwa na jengo lingine kubwa. Masomo yakasimama. Mwalimu Séraphin alingoja wiki chache, akifundisha watoto wachache chini ya ukingo wa paa la kanisa, kisha asubuhi moja akaondoka na mkewe. Wengine walisema amekwenda Goma, wengine walisema Bukavu. Hakumuaga mtu.

Usiku wa baridi, watu waliolala shuleni walichoma mabenchi, kisha wakachoma tablo, ule ubao wa chaki. Emérence aliona moshi akaenda mbio, lakini alipofika alimkuta mama mmoja akimkausha mtoto mchanga mbele ya ule moto, na maneno aliyokuja nayo yakamwisha. Alirudi nyumbani akaleta sufuria ya viazi, akavipika pale pale, juu ya mbao za kalasi ya kwanza, wakala wote.

Aliendelea na lile kaa lake na mlango majuma machache zaidi. Jioni moja Virginie alimshika mkono kwa upole, kama mtu mzima anavyomzuia mwingine.

"Mama, tuache."

"Papa yako alisema..."

"Papa alisema Kifaransa isinipotee. Haijanipotea. Ninayo yote. Haina kazi."

Emérence aliuosha mlango kwa maji na majivu.

Shemeji yake, Grégoire, mdogo wa marehemu, alifika msimu wa kuvuna maharagwe. Alikuwa amehamishia biashara Walikale, kule msituni, akinunua mawese na mpunga na kuvipandisha milimani kwa lori wakati njia ilipokubali. Alikula, akauliza habari za kila mtu, kisha akasema alichokijia.

"Mama Virginie, nipe mutoto wa kaka. Muke wangu yuko peke yake kwenye duka. Na kule kuna Wagiriki na wazungu wa mabanda ya madini, wanakuja kununua. Kunahitajika muntu anayejua kusema nao."

"Atasoma?" Emérence aliuliza.

Grégoire alikuwa mtu wa kweli, na hilo Emérence alimhesabia hata katika huzuni yake. "Shule gani, shemeji? Hata Walikale walimu wamekimbia. Siwezi kukudanganya. Atauza chumvi."

"Basi hapana."

"Fikiri."

"Nimesema hapana. Papa yake hakumupeleka kwa Madame ili auze chumvi."

Virginie alikuwa ameketi karibu na mlango akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa. "Mama, nitaenda," alisema.

"Hujaulizwa."

"Kule hakuna muntu aliyeniona kwenye ile benchi." Sasa alimtazama mama yake. "Hapa kila mutoto akinipita anasema Madame. Hata wale waliokimbia vita wameshajua. Acha niende."

Emérence aliangalia uso ule, ambao ulikuwa umeacha kuwa wa kitoto bila yeye kuona ni lini. Alitafuta neno la kumzuia. Alilotaka kumwambia ni kwamba kuna shule itakayofunguliwa, kuna mwalimu atakayerudi, kuna mtu fulani mahali fulani atakayempokea bila kucheka. Lakini mtoto huyu alikuwa amebeba uongo wa wakubwa tangu utotoni ili watu wafurahi, na Emérence hakuweza kumtwika mwingine.

"Chukua blanketi zito," alisema. "Njiani kuna baridi kabla ya kufika kwenye joto la msitu."

Lori la Grégoire liliondoka asubuhi, likiwa na magunia ya viazi na maharagwe. Virginie alikaa juu ya magunia, blanketi mabegani, akaaga kwa mkono mara moja tu. Emérence alisimama barabarani hadi ngurumo ya injini ilipozama upande wa pili wa kilima. Faustin alimwita mara mbili, kisha akamwacha.

Mvua ya jana ilikuwa imeotesha magugu mengi mteremkoni. Emérence alichukua jembe, akateremka shambani, akaanza kupalilia kutoka upande wa chini kama kawaida yake. Kazi ilikuwa nyingi kwa mtu mmoja.